Foronya Mbili

Tarehe 6 Februari

Mama,

Shikamoo. Natumaini miguu inakupa nafuu. Mimi mzima, mikono tu ndiyo imechubuka kwa vigae vya moto. Salamu zimeishia hapo, sasa nisikilize.

Muuza mkaa jirani yako ameniambia kwamba tangu baba azikwe hufungui mlango. Watu wakibisha, unanyamaza. Cherehani umeifunika shuka kama maiti. Simu niliyokutumia umeifungia kabatini, ndiyo maana naandika kwa vidole hivi vibovu. Mama, umewashonea watu wa mtaa mzima, leo unajificha kama mwizi? Unasubiri siku wavunje mlango wakukute umekauka? Mimi niko kiwandani huku, nani atanipa ruhusa hata ya kuja kuzika?

Basi nimepanga na majirani. Watakuja kwa zamu, kila siku mtu mmoja, akae nawe mpaka alasiri. Muuza mkaa ndiye msimamizi. Usiwafukuze. Nimesema.

Mwanao, kitindamimba wako


Tarehe 2 Machi

Kitindamimba,

Marahaba. Miguu mizima. Kichwa ndicho kinaniuma, na sababu ni wewe.

"Nimesema!" Nani alikufundisha kuniamrisha nyumbani kwangu? Wewe niliyekufunga nepi?

Siku ya kwanza alikuja mke wa kinyozi. Kakaa ukingoni mwa kiti kama anasubiri kuitwa na daktari. "Pole, mama." Nikamwambia nimeshapoa. Akasema tena, "Pole." Halafu akawa anachungulia simu yake chini ya mtandio. Kesho yake akaja muuza mkaa na uji, kana kwamba sina meno. Nikamuuliza habari za mtaani, akanijibu, "Usijisumbue mama, pumzika." Kila mtu ananiambia pumzika! Nimepumzika mpaka nimechoka. Wanaingia na nyuso za matanga, wananikalia kama askari wa wodi, na muda ukiisha wanaruka kama wametoka jela. Hakuna anayeniomba hata chumvi. Zamani walipokuwa wakinifokea kwa gauni lililobana, nilikuwa mtu. Sasa mimi ni zamu.

Na wewe je? Nimezisoma upya barua zako zote. Zina tanuru, zina toroli, zina lori, zina msimamizi mwenye mdomo mchafu. Hazina mtu mwingine. Nani anakupa pole ukirudi kazini? Nijibu hilo kwanza, ndipo unipangie wageni.

Mama yako


Tarehe 25 Machi

Mama,

Shikamoo. Nashukuru u mzima wa kunitukana.

Unauliza nani ananipa pole. Hakuna. Umefurahi?

Chumba chetu kina vitanda vinane, na kila kitanda kina watu wawili, mmoja wa kazi ya mchana, mmoja wa usiku. Mimi wa usiku. Asubuhi lori linalowapeleka wao ndilo linalotuleta sisi. Wao wanaingia kiwandani kwa lango la mbele, sisi tunatokea la nyuma. Nikifika kitandani, godoro bado lina joto la mtu ambaye sijawahi kumwona. Najua ni mrefu, maana godoro limebonyea mpaka miguuni. Najua anaumwa kifua, maana mto unanuka dawa ya kuchua hadi macho yananiwasha. Kila asubuhi namtukana chinichini, yeye na ukoo wake, halafu nalala kwenye shimo lake.

Usiniambie niongee na hao saba wengine wa zamu yangu. Tukifika tunaanguka kama magunia, na anayefungua mdomo anarushiwa kiatu.

Ndiyo maana unaniudhi. Una mtaa mzima mlangoni, unaufungia nje! Mimi nikimpata mtu wa kunikalia ukingoni mwa kiti, achungulie simu yake mpaka iishe chaji, nitampikia chai.

Mwanao


Tarehe 30 Juni

Mama,

Shikamoo. Miezi imepita, kimya. Muuza mkaa nikimpigia anasema, "Yupo, yupo," kisha anakata. Kama umenuna, niandikie kwamba umenuna. Kama umelala hujiwezi, mtu aniambie, nisibaki kuota ndoto mbaya mchana kweupe.

Hapa ni yaleyale. Mwenzangu wa kitanda ameacha ile dawa yake, mto haunuki tena. Afadhali. Nadhani matusi yalimfikia. Siku hizi ananiachia makombo ya mkate, kwa hiyo namtukana kwa ajili ya makombo.

Andika, hata tusi moja.

Mwanao


Tarehe 21 Julai

Kitindamimba,

Marahaba. Tusi lako hili hapa: mjinga wewe.

Unalalia joto la binadamu mwenzio, unajua urefu wake na ugonjwa wake, na hujui anaitwa nani! Halafu unanifundisha mimi kukaa na watu. Ile barua ya vitanda ilinitetemesha. Nikaivua cherehani ile shuka kwa hasira nikushonee foronya, maana mtu wa kifua hafai kulalia vumbi lako la vigae. Sindano ina kutu, uzi umeoza. Nikatoka. Ndiyo, nilitoka. Nikaenda kwa mke wa kinyozi kuomba uzi. Akaanza, "Mama, kapumzike, nitakuletea." Nikamwambia, "Ukinitajia tena kupumzika nitakushona huo mdomo." Naye akaja juu! "Ndiyo maana gauni langu la harusi ulilibana, una roho mbaya tangu zamani!" Tukagombana pale nje mpaka kinyozi akaacha kichwa cha mteja nusu nywele, nusu upara, atoke kusikiliza. Siku ile nililala usingizi ambao sijaupata tangu baba yako aondoke.

Zamu nimeivunja. Nimewaambia anayekuja aje na nguo iliyochanika, la sivyo abaki kwake. Wanakuja. Wananung'unika, nawafokea, wananifokea. Kazi imenizidi, ndiyo maana foronya zimechelewa. Muuza mkaa nilimkataza kukueleza, sikutaka ujisifu kwamba mpango wako umefaulu. Haukufaulu.

Foronya ni mbili. Moja yako, nyingine ya mwenzio. Umpe mkononi. Ukimwekea kitandani nitajua.

Mama yako


Tarehe 19 Agosti

Mama,

Shikamoo. Kifurushi kimefika salama, na wewe kumbe bado una ulimi. Nilicheka peke yangu chumbani, nikarushiwa kiatu.

Juzi jioni lori lilipotuita, nilibaki. Nikakaa ukingoni mwa kitanda na foronya magotini, kama bwana harusi aliyekimbiwa. Watu wa mchana wakaingia, weupe kwa vumbi. Mmoja akaja akanisimamia, mtu mfupi, mabega mapana.

"Ondoka, zamu yangu."

"Kumbe wewe ndiye?"

"Ndiye nani?" Kisha akaitazama shuka. "Ahaa! Wewe ndiye unayeniachia vipande vya vigae! Ndugu yangu, nimekutukana mpaka maneno yameniishia."

"Na wewe makombo yako?"

"Ulitaka nikale wapi, mezani?"

Hakuna meza humu, mama. Tulicheka wote.

Lakini alikuwa mfupi. Nikamuuliza, kifua kimepona? Akasema, "Kifua gani? Labda cha yule mrefu." Yule mrefu alianguka mbele ya tanuru mwezi wa Mei. Wakambeba kwa lori lilelile, wakamrudisha kwao hata pumzi haijatulia, na usiku uleule godoro likapewa huyu. Nami nilikuja asubuhi iliyofuata, nikakuta joto lilelile, nikalala. Nikakuandikia kwamba afadhali, mto haunuki.

Nina hasira mpaka meno yananiuma. Wametupanga tusionane, mmoja akitolewa mwingine aingizwe shimoni mwake, na hakuna atakayeuliza yule yuko wapi. Hata mimi niliyelala kwenye joto lake sikuuliza.

Huyu mfupi wanamwita Redio, kwa kuwa hazimwi. Nilimpa foronya mkononi. Aliposikia kwamba imeshonwa na mama yangu, alinyamaza, na wenzake wakapiga makofi kwa muujiza huo. Usiku uleule nilikwenda kazini kwa miguu, msimamizi akanifokea mbele ya watu. Nilimwacha amalize, kisha nikawasimulia wale saba habari za yule mrefu, nikawapa majina ya wenzao wa kitanda niliyotajiwa na Redio.

Leo asubuhi, zamu yetu ilipotoka lango la nyuma, sisi wanane hatukupanda lori. Tulizunguka mpaka lango la mbele, kila mtu akamwita mwenzake wa kitanda. Msimamizi alipiga honi kama mwendawazimu. Wote waliitika, Redio aliitika mara tatu. Tumekubaliana iwe hivi kila asubuhi. Asiyeitika, hatupandi mpaka tuambiwe yuko wapi.

Yule mrefu, mmoja wa watu wa mchana anapajua kwao. Shona foronya ya tatu, tumtumie. Usiniambie kitambaa kimekwisha. Kikiwa kimekwisha, toka nje ukagombane na mtu upate kingine.

Mwanao, kitindamimba wako
(Redio anakuamkia, na anauliza kama unashona na shuka)