Bata Katika Shimo la Bomu

Kambini, Harrowcombe
Machi 1941

Dada yangu mpendwa Hester,

Pokea salamu zangu za upendo, wewe na wanao Clem na Maudie. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta mzima, na nyumba yenu ingali na paa. Mimi kwa mwili sijambo. Kikohozi kimeniacha, na chakula cha kambini ni kilekile, kabichi iliyochemshwa mpaka ikasahau kwamba ni kabichi. Kwa akili ndipo siwezi kusema sijambo. Nimeianza barua hii nikaichana, nikaianza tena, kwa hiyo ukiona maneno yanakwenda mbele na kurudi nyuma, nivumilie.

Kabla ya habari yoyote nina ombi: usiwalete watoto kwa baba. Najua umeshawafungia mizigo. Baba aliniambia, mdomo umemfika masikioni kwa furaha, kwamba watafika Jumamosi kwa basi la asubuhi kutoka Bristol. Wazuie. Soma mpaka mwisho utajua sababu.

Baba hajambo kabisa. Tangu mama atutoke sijamwona amechangamka hivi. Amewatengenezea wajukuu vitanda kwenye dari tunakoweka matufaa, akafagia mpaka buibui wakahama. Unakumbuka nilikuandikia juu ya bomu lililoanguka nyuma ya zizi kabla ya Krismasi? Mvua imelijaza shimo lake maji, naye akanunua bata. Sasa kila apitaye njiani anaitwa aje kuona bwawa ambalo baba kachimbiwa bure na Wajerumani. Maudie ameshawekewa bata wake, yule mweupe. Nilipomuuliza kama haogopi kulaza watoto karibu na shimo la bomu alinicheka. Alisema lile lilikuwa la rubani mlevi, na kwamba mabomu ni mambo ya mjini. Huku kuna kondoo na ukungu tu, nani atapoteza petroli yake? "We kalinde mablanketi yako," akaniambia, "ya watoto niachie mimi niliyekulea wewe."

Utani huo wa mablanketi unaujua. Niliwaambia nyote kwamba jeshi la anga limeniweka kulinda ghala la mablanketi nyuma ya kilima, na kijiji kizima kikaniita Mlinzi wa Mablanketi. Jirani yetu Jabez Tincknell ndiye aliyezidi. Kila akiniona barabarani alinyoosha mkono kama ombaomba: "Bwana Gilbert, nigawie moja tu, mke wangu ana miguu ya barafu!" Naye mkewe alikuwa pale pale, anampiga kwa kikapu.

Jabez hatunaye tena, dada. Ndege zilikuja wiki iliyopita, nyingi kuliko siku zote, zikamwaga mabomu kilimani na mashambani. Alitoka kwenda kuwafungulia ng'ombe wake, na bomu likaanguka juu ya zizi. Ng'ombe wawili walipona. Tulimzika Jumatatu. Baba alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza, na alilia waziwazi. Sikuwahi kumwona akilia hivyo, hata kwa mama.

Baada ya mazishi wanaume walikusanyika baa, na kila mtu akawa na lake. Mmoja alisema Wajerumani wamekosana na kondoo. Mwingine alisema wanatupa mabomu yaliyobaki ili ndege ziwe nyepesi wakirudi kwao. Baba akapiga meza. Alisema wote ni vipofu, kwamba usiku ule alikuwa nje, na alichokiona amekiona: moto uliwaka juu ya kilima kabla bomu la kwanza halijaanguka. Kabla, si baada. Kwa hiyo kuna mtu, msaliti, anayewawashia adui. Watu walimcheka. Walimwita mzee Amos, wakamwambia apunguze pombe ya matufaa, mabomu ndiyo yanayoleta moto, si moto unaoleta mabomu. Baba akanigeukia mimi, akaniuliza mbele ya wote kama mimi mwanajeshi ninamwamini.

Nami nikacheka pamoja nao.

Hakunikasirikia, na hilo ndilo linalonichoma. Alinishika mkono tukatoka, tukatembea kando ya nyua za miti mpaka giza likaingia, tukimtafuta msaliti. Anamshuku Ezra Vowles mfuga nyuki, eti kwa sababu pazia lake jeusi la kuficha taa usiku lina tundu. Hamsalimii tena. Aliniambia kwamba akimpata huyo mtu atampiga risasi bila kumuuliza jina, kwa ajili ya Jabez, na sasa kwa ajili ya Clem na Maudie pia. Akaniuliza kama nitamsaidia, nikasema ndiyo baba. Sijui nilisemaje vile. Mdomo ulisema wenyewe.

Dada, huyo mtu ni mimi.

Hakuna mablanketi. Juu ya kilima, ndani ya waya, kuna mji wa uongo. Kuna vyombo vikubwa vya makaa na matenki ya mafuta yaliyopangwa kama mitaa inayoungua, na taa hafifu zilizowekwa ili ukiwa angani uone stesheni ya treni. Sisi tunakaa handakini na simu. Ndege za kwanza zikifika Bristol, simu inalia, nami ninawasha. Kisha tunafungulia maji juu ya mafuta yanayowaka, na moto unaruka juu kuliko mnara wa kanisa. Marubani wanaofuata wanaona mji unaungua, wanadhani ndio ninyi, wanaumwagia yote waliyobeba. Nilichaguliwa kwa sababu nilizaliwa hapa na njia za kilima naziweza gizani. Niliapa kwa mkono juu ya Biblia kwamba sitamwambia mtu, na kwa barua hii naweza kufungwa.

Baba ndiye peke yake katika kijiji kizima aliyeona sawasawa.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo ninapopotea. Asubuhi iliyofuata usiku ule wa mabomu, Sajenti Loxton alikuja na chupa. Alitupigapiga mgongoni, akasema simu imetoka mjini, Bristol imelala salama, tumefanya kazi ya wanaume. Nilikunywa, nikafurahi, kwa sababu niliwafikiria ninyi. Siku chache baadaye ikaja barua yako. Uliandika kwamba ndege zilipita juu yenu na hazikuangusha kitu, watoto walilala mpaka kumekucha, na wewe ulipiga magoti jikoni ukamshukuru Mungu. Nikatazama tarehe. Ni usiku aliokufa Jabez.

Tangu hapo sijui niombe nini. Nikiomba moto wangu udanganye vizuri, namwombea mabaya baba. Nikiomba usidanganye, nakuombea mabaya wewe. Nilimuuliza Sajenti, kwa kuzungukazunguka, kama mashamba ya karibu hayawezi kuonywa. Si mtu mbaya. Ana mke Bristol hukohuko. Alisema tukiwahamisha wakulima adui atajua hapa pana kitu, na kwamba ni heri wafe watu kumi huku kuliko watu elfu kule. Hesabu yake sina la kuipinga. Ila yeye hawajui hao kumi, mimi nawajua hadi majina ya mbwa wao. Je, nimemuua Jabez, au nimemwokoa Maudie, au yote mawili kwa mkono mmoja? Kila nikijibu, jibu linageuka.

Na baba hakai nyumbani tena. Tangu mazishi anapanda kila usiku na bunduki yake, anajificha kwenye ua wa juu, hatua chache kutoka kwenye waya wetu, akimngoja msaliti. Juzi nilimwona kwa tundu la handaki, mbalamwezi ikiwa juu ya kofia yake ile kuukuu. Mkono wangu ulikuwa kwenye swichi. Simu haikulia. Ingelia, sijui.

Nikimwambia yeye mwenyewe ukweli, atasimama baa kesho yake amsafishe Ezra Vowles mbele ya watu, unamjua, hawezi kunyamazia haki. Kwa hiyo nakutegemea wewe. Watoto wapeleke Wales kwa mama mkwe wako, najua hampikiki chungu kimoja, lakini vumilia. Kisha mwandikie baba, mdanganye. Sema mumeo Reg yuko baharini, wewe unaumwa, huna wa kukuangalia. Atanung'unika, atasema wanawake wa mjini hawana nguvu, na atakuja, pengine na bata kapuni. Najua namtoa chini ya mabomu yangu na kumleta chini ya mabomu yenu. Lakini mkiwa upande mmoja nyote, walau nitajua naomba nini. Wakati mwingine naona ombi hili ni la mtoto wake, wakati mwingine naona ni la mwoga anayetaka mkono usitetemeke. Nisaidie kujua.

Nisalimie Clem, mwambie mjomba bado anamtafutia kisu alichoahidi. Maudie mwambie bata wake hajambo na ananenepa. Reg akiandika, mpe salamu zangu.

Barua hii haikupita posta, maana ingefunguliwa. Aliyekuletea ndiye Bi Tincknell, mjane wa Jabez, anayehamia kwa dada yake hapo Bristol. Hajui alichobeba. Mkaribishe ndani, mpe chai yenye sukari hata kama ndiyo ya mwisho. Nilipokwenda kumwomba aibebe alinitazama, akasema kilimani kuna baridi na vijana wa jeshi hawavalishwi vizuri, hata wanaolinda mablanketi. Akaingia ndani akatoka na koti la Jabez, lile zito la sufu, akanivalisha mwenyewe na kunifunga vifungo mpaka shingoni.

Nimelivaa hapa ninapoandika. Giza linaingia, na lazima niende kazini.

Ni mimi ndugu yako,
Gilbert