Waya za Spika na Sauti ya Baba Yako

Rhonda,
S.L.P. 9174,
Nakuru.

21 Septemba 2008

Mpendwa binti yangu Jepkemei,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mama yako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kile kikohozi cha mwezi wa saba kimekuacha, na wagonjwa wako huko Coventry hawakusumbui kupita kiasi. Sisi huku hatujambo. Goti langu la kushoto ndilo bado linajifanya mwenye nyumba, likitaka tupumzike, tunapumzika. Mvua imenyesha vizuri na sukuma wiki ya nyuma ya nyumba imekuwa na majani mapana mpaka nagawia majirani, kwa sababu nikipika ni sufuria ya mtu mmoja.

Leo ni Jumapili ya nne hujapiga simu. Nimetoka kanisani, nimeiweka simu mezani, nimeitazama mpaka chai imepoa, mwisho nikachukua kalamu. Nikikupigia mimi hushiki, na hata ungeshika, unanijua. Kwenye simu mdomo wangu hunitangulia mbio. Kwa kalamu angalau naweza kufuta.

Lakini lile nililokwambia siku ile sitalifuta, nitaliandika lilivyo ili ujue sijalisahau. Nilikwambia, “Baba yako hukumzika, na sasa umemzika mara ya pili.” Nikakata simu. Mtoto amenunulia mama yake redio kubwa, amepiga kuuliza kama imempendeza, na hilo ndilo jibu alilopewa. Haki nikikumbuka natamani kujificha chini ya kitanda.

Sauti ya baba yako haikupotea, Jepkemei. Ipo. Kosa lilikuwa langu mimi, si lako na si la Bhavik wa duka la redio. Wacha nikueleze, na ukitaka kucheka, cheka.

Redio ilifika kwa mkokoteni, maboksi matatu, ploti nzima ikatoka kutazama. Bhavik mwenye duka alikuwa amesema atanitumia fundi wa kuifunga. Nikamwambia asijisumbue. Ati fundi! Miaka thelathini nimekaa na mwanamume aliyefungua kila redio iliyokohoa, mimi nikimshikia tochi na kumpa bisibisi, leo nishindwe na waya? Ndugu yako Kibii alikuwa Salgaa na lori lake, akaniomba nimngoje hadi Jumamosi. Nani wa kungoja Jumamosi na maboksi yamekaa hapo yakimwangalia?

Kwa hiyo nikaifunga mwenyewe. Mashine nikaiweka juu ya kabati, na spika mbili nikazipanga juu ya mashine bega kwa bega, kama pacha wanaopigwa picha. Kila moja nikaivika kitambaa cha kroshia, ile seti nyeupe ya maua. Sasa nyuma ya kila spika kuna vishimo viwili, kimoja chekundu na kimoja cheusi, na nyuma ya mashine pia. Waya nayo ni mbili zilizogandana, na moja ina mstari mwekundu ubavuni, mwembamba kama uzi. Miwani yangu ilikuwa kwenye mkoba wa kanisani. Nikasema waya ni waya, stima itajua yenyewe pa kupita. Nikamenya ncha kwa meno, nikazitumbukiza. Nilipobonyeza, taa za buluu zikawaka na redio ikaongea. Nilijipigia makofi peke yangu.

Ila ilikuwa inaongea kwa mbali. Msomaji wa habari alikuwa kama mtu aliyefungiwa ndani ya debe. Niliongeza sauti, nikavuta erio huku na huku, mwisho nikaamua kwamba mashine za kisasa ndivyo zinavyoongea, kwa madaha.

Halafu nikaweka ile CD ya kwaya.

Unajua ile kaseti ilikuwa nini kwangu. Kwaya yetu ilirekodi mara moja tu, mwaka wa tisini na tatu, na hakuna mahali pengine popote duniani ambapo baba yako anaimba. Koti lake ninalo, picha ninazo, lakini sauti ilikuwa humo tu. Wewe ndiye uliyeshauri Bhavik aihamishe kwenye CD kabla utepe haujaoza. Niliitoa kwa shida. Alipoirudisha alinieleza wazi kwamba utepe ulikatika mwishoni, lakini nyimbo zote saba zilikuwa zimeshaingia. Niliitikia kwa mdomo, moyoni nikabaki na wasiwasi.

Wimbo wa kwanza ukaanza. Soprano niliwasikia, rafiki yangu Wachuka akiwa juu kuliko wote kama kawaida yake. Tenor niliwasikia. Ikafika pale wote wananyamaza na baba yako anashuka peke yake, ile besi yake iliyokuwa ikitikisa vikombe kabatini. Hakuna. Mnong'ono tu, kama mtu anayeimba nyumba ya tatu na mlango umefungwa. Nikarudia mara sita. Nikatega sikio juu ya kitambaa. Nilihisi nimefiwa tena, na safari hii hata mwili wa kuzika hakuna. Simu ikalia, na ulikuwa wewe.

Kesho yake asubuhi nikaenda dukani kwa Bhavik. Sitakuficha, nilimwaibisha. Duka lilikuwa na wateja, na mimi sauti yangu unaijua. Nilimwambia ameniulia mume kwa mashine zake. Aliomba CD kwa mikono miwili, akazima televisheni zote zilizokuwa zikipiga kelele ukutani, akaiweka kwenye redio yake ya dukani.

Baba yako akaimba. Pale pale, kati ya pasi na feni, mbele ya watu waliokuja kununua betri. Niliketi juu ya boksi, na hakuna aliyenizuia. Nililia mpaka kilemba kikalegea. Mama mmoja nisiyemjua alinishika bega hadi wimbo ukaisha.

Ndipo Bhavik akaniuliza kwa adabu sana nilikuwa nimefunga waya vipi. Nikamwambia waya ni waya. Hakucheka, nampa heshima kwa hilo. Alichukua kipande cha boksi akanichorea. Ndani ya spika kuna kitu kama ngozi ya ngoma, kinakwenda mbele na nyuma. Ukifunga nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi, spika zote mbili zinasukuma pamoja. Ukigeuza waya za moja tu, hii ikisukuma ile inavuta, na sauti zinamalizana kabla hazijakufikia. Waliosimama pembeni wanasalimika kwa sababu kila mmoja ana spika yake. Anayepotea ni yule wa katikati, anayetoka kwa zote mbili, hasa kama sauti yake ni nzito. Nikaikumbuka siku ya kurekodi: akina Wachuka kushoto, vijana wa tenor kulia, na baba yako katikati na ile tai yake ya kahawia.

Niliomba msamaha mbele ya wale wale walionisikia nikimtukana. Bhavik akasema niende nizitenganishe hizo spika, hatua tatu au nne, zinitazame ninapokaa. Na nizivue nguo. Akasema mama yake naye huzivika vitambaa, na amechoka kumwambia.

Nyumbani nilianza na miwani. Ilikuwa spika ya kulia. Nikachomoa waya, nikageuza, yenye mstari mwekundu kwenye kishimo chekundu. Kabati letu halina hatua tatu, kwa hiyo kila spika niliiweka juu ya stuli kwenye ukuta wa dirishani, moja upande huu wa kiti cha baba yako na nyingine upande ule. Sikukusudia. Ndiyo nafasi iliyokuwepo. Nikaketi kwenye kochi, nikabonyeza rimoti.

Jepkemei, sauti haikutoka kwenye spika. Ilitoka kwenye kiti. Wachuka alikuwa kushoto, vijana kulia, na hapo katikati ambapo hakuna mashine wala waya, kwenye kiti chake kile kilichochubuka mkono, baba yako alivuta pumzi akaanza kuimba. Niliisikia ile pumzi. Wimbo ulipokwisha nilijikuta naongea naye. Nilimweleza habari za goti, na jinsi ua lilivyovunjwa Januari na jinsi Kibii alivyolitengeneza vibaya. Ninamkosa, mwanangu. Nilikuwa nimejizoeza kunyamaza kuhusu hilo, nikadhani nimepona.

Wachuka nilimpigia Jumatano. Tangu zile vurugu za Januari zimfukuze hapa yuko Kamere kwa dada yake, na ukimtajia Rhonda anabadilisha mazungumzo. Safari hii sikumtajia kitu. Nilisimama katikati ya chumba nikiinua simu juu, akajisikia akiimba na sisi wote. Kisha akauliza kama kwaya bado inaimba. Nikamwambia tumebaki tisa na soprano hatuna. Akasema labda atakuja Krismasi, siku moja tu, asubuhi na jioni arudi. Nimeshafua shuka, kwa sababu namjua, akifika ataongea mpaka gari la kurudi limpite.

Sasa kuna jambo la mwisho. Barua nzima nimekuwa nikilizunguka, nikikueleza habari za stuli na vitambaa.

Nilikwambia baba yako alianguka ghafla akafa siku hiyo hiyo. Si kweli. Alilazwa wiki tatu. Wewe ulikuwa unangoja makaratasi yako, na ulikuwa umetuambia kwamba ukitoka nchi hiyo kabla hayajakamilika utaanza upya. Nilijua ukisikia utapanda ndege bila kuuliza mtu. Nikasema atapona, ya nini kumharibia mtoto. Kibii alitaka kukupigia, nikamkataza, nikamfanya aape. Nilipokwambia ilikuwa Alhamisi jioni, na Ijumaa asubuhi tulizika. Hukumzika kwa sababu mimi sikukupa nafasi ya kumzika, na baadaye nikakutukana kwa jambo hilo hilo.

Hata hilo si lote. Jumapili zile tatu ulipiga simu kama kawaida yako. Nilitoka nje ya wodi nikasimama kwenye baraza, nikakwambia baba yako yuko kwenye mazoezi ya kwaya. Ulicheka ukasema kwaya itamwoa. Nilifanya hivyo kwa sababu sauti yake ilikuwa imekwisha, na ungemsikia neno moja tu ungejua. Nikirudi ndani ananiuliza kama umepiga. Nilimwambia umepiga, lakini alikuwa amelala. Hakuwa amelala. Alikuwa na homa, hakuwa na uhakika, akaniamini.

“Siku nyingine uniamshe,” aliniambia.

Jumapili iliyofuata aliniambia hivyo tena. Na ya tatu pia. Simu ilikuwa mkononi mwangu, Jepkemei, na wewe ulikuwa ndani yake, hatua kumi kutoka kitandani kwake. Sikumpa. Mwaka unakaribia kwisha tangu tumzike na sijamwambia mtu. Sasa kila akiimba pale kitini nashindwa kumtazama, kwa sababu najua ni sauti yako aliyotaka kuisikia kuliko kwaya yote.

Kibii anakusalimu sana. Usimkasirikie, aliapa akilia. Wachuka anakusalimu, na Bhavik naye aliniuliza habari zako, akasema yule dada wa Coventry anaongea vizuri kwenye simu. Msalimie yule mwenzako mnayekaa naye, mwambie asante kwa kukupikia ulipougua. Nimemwomba Bhavik akutengenezee CD kama yangu, iko ndani ya bahasha hii, imefungwa kwa kitambaa. Ukiifungulia, zitenganishe spika, na uketi katikati. Mungu akulinde uingiapo na utokapo kazini, na akupe usingizi mzuri baada ya zamu.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nakuomba upige, Jumapili yoyote, hata kama ni kunigombeza. Sema yote. Nami kwa mara ya kwanza maishani mwangu nitanyamaza mpaka umalize.

Ni mimi mama yako, anayekupenda na kukungoja,
Chepngeno