Transista Iliyoungua Kondoa

Baba Neema,

Ni mwaka wa tatu tangu tukuzike. Karakana nimeihamishia nyumbani Nzuguni, na wateja wageni bado wananiuliza, "Fundi yupo?" Nawaambia ndiye huyu mnayeongea naye. Kazi hii ulinifundisha wewe. Ndiyo maana kuna jambo nataka kukuandikia, na nataka wengine nao walisome.

Unaikumbuka amplifaya ya msikiti wa Kondoa. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, maduka ya Majengo yamejaa vipuri kutoka nje, vizima na feki vimechanganyika. Ulinunua transista mbili kubwa dukani kwa Mzee Issa, ukaniachia mimi nizifunge kwenye hitisinki, lile bamba la alumini lenye mapezi ya kupoza joto, maana wewe ulikuwa na redio za watu za kumaliza. Nilitoboa matundu mapya kwa drili, nikapaka grisi nyeupe, nikaweka maika, kile kipande chembamba cha kuzuia umeme, nikakaza skrubu. Tuliijaribu robo saa, ikaimba vizuri. Tukaipakia kwenye basi.

Ijumaa ile ikakata katikati ya hotuba. Kesho yake ilirudi ikinuka kuungua. Hukuifungua hata. Ulikwenda moja kwa moja kwa Mzee Issa ukamwambia mbele ya wateja, "Unauza feki, unatuharibia jina!" Ulinisimulia mwenyewe alivyokujibu: "Ifungue kwanza, fundi."

Ukiwa bado huko, mimi nilishaifungua. Niling'oa transista iliyoungua nikaona grisi imekandamizwa upande mmoja tu. Upande wa pili ilikuwa nene vilevile nilivyoipaka. Kwenye ukingo wa tundu nililotoboa kulikuwa na kijino cha alumini ambacho sikukikwangua. Transista ilikuwa imekaa juu yake, haikulala sawasawa, na joto halikuwa na pa kupitia. Robo saa ilivumilia. Hotuba nzima haikuiweza.

Niliogopa. Nikachukua kitambaa nikaifuta ile grisi.

Siku mbili uliwaambia watu Mzee Issa ni tapeli, nami nimekaa pembeni yako kimya. Kisha jirani yetu fundi saa akasema yeye hatakanyaga tena dukani kwake. Mchana huo chakula kilinishinda.

"Transista ilikuwa nzima," nikakuambia. "Ni mimi sikukwangua tundu."

Ulitafuna tonge lako polepole. "Una uhakika?"

"Niliona kwa macho yangu. Na grisi nimeifuta ili usijue."

Nilitegemea utanifokea. Ulinawa mikono, ukasema, "Haya, vaa viatu."

Dukani ulimwamkia Mzee Issa, ukasubiri mpaka watu wakajaa. Ndipo ukasema kwa sauti, "Juzi nilisema hapa kwamba mzee anauza feki. Si kweli. Transista yake ilikuwa nzima, kosa ni langu." Nilifungua mdomo, ukanikanyaga mguu.

"Yameisha," Mzee Issa akasema. "Ila na wale wa barabarani uliowaambia, ukawaambie tena."

Ukawazungukia wote, ukianza na fundi saa.

Kesho yake tulianza upya, kwa transista nyingine. "Pitisha ukucha kwenye tundu," ulinielekeza. "Ukikwama, usifunge." Nilipiga tupa, nikasugua kwa msasa, nikapaka grisi nyembamba hata unaiona maika chini yake, nikakaza skrubu kidogo huku, kidogo kule. Tuliiwasha asubuhi hadi alasiri kwa sauti kubwa, wewe ukiligusa bamba kila mara. Lilikuwa la moto, lakini mkono ulistahimili. Ijumaa iliyofuata tukaenda nayo Kondoa wote wawili, tukakaa nje ya msikiti, sisi Waanglikana, tukaisikiliza hotuba hadi mwisho. Haikukata.

Siku ya maziko yako Mzee Issa alikuja, akaomba kusema. "Huyu alikosea kazi," akasema, "akaja kukiri dukani kwangu mbele ya watu. Mafundi wangapi wanafanya hivyo?" Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilikuwa kwenye mkeka na wanawake wenzangu, nikanyamaza.

Kazi ile hukuikosea wewe, Baba Neema. Mkono uliotoboa lile tundu ulikuwa wangu. Jambo hili nimeliandika wazi, Mzee Issa alisome, na wanetu walisome.

Pumzika, mume wangu.

Mkeo,
Mama Neema