Makinda ya Mwalimu Fransiska

Mectilda, nimetoka kwa Mwalimu Fransiska hapa Gitting sasa hivi. Wale ndege aliokuwa akiwapiga picha bustanini, yule chozi mdogo anayefyonza maua na makinda yake, wamekufa wote.

Evarist, mume wake, alipulizia sukuma wiki dawa wakati mwenzake yuko shuleni. Kiota alikijua. Alidhani dawa inaua wadudu tu.

Fransiska hakufoka. Alimwonyesha picha kwenye simu, akasema, "Huyu alifumbua macho jana."

Evarist akajibu, "Nilitaka ule mboga nzuri."

Mboga nzuri, Mectilda.

Unajua tangu ile mimba ya Fransiska iharibike, ni hao ndege waliokuwa wanamtoa kitandani.

Nimemwacha anawachimbia shimo kwa kijiko. Evarist amechuchumaa pembeni, anaogopa hata kumgusa bega.