Namwotesha Jua Kila Siku, Mbona Miguu ya Mwanangu Inazidi Kupinda?

Mpendwa mshauri Bi Mildred, naomba msaada wako nikiwa na hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi, na ukiona herufi zimeenda upande ujue ni hasira, shule nilisoma.

Naitwa Kathini, nina miaka ishirini na sita, kwetu ni Kitui, nimeolewa na Wanzala, seremala Mluhya, na tuna mtoto mmoja wa kiume, Wekulo, aliyetimiza mwaka mwezi wa nane. Tulikuwa tunakaa Mashimoni, Kibera, na mtoto alikuwa na miezi minne matokeo ya kura ya Desemba 2007 yalipotangazwa na kila kitu kikaharibika, na mwanzoni hakuna aliyenigusa kwa sababu ya bwanangu, lakini Januari ikasemekana watu wa kwetu Ukambani wameingia katika serikali ambayo Kibera walikuwa wanaipinga, basi majirani niliokuwa naombana nao chumvi wakaanza kuniita msaliti, mimi ambaye siku ya kura nilikuwa nimekaa na mtoto mwenye homa na hata foleni sikuiona. Wanzala akaamua hivi: kila alfajiri akitoka anatufungia ndani kwa kufuli upande wa nje, ili anayepita aseme hapa hakuna mtu, na mimi nabaki gizani na mtoto, bila kuwasha taa, bila kukohoa, titi mdomoni asije akalia. Chumba cha mabati, dirisha hakuna. Tulikaa hivyo Januari yote na Februari yote, na Machi tukahamia huku Kabiro, Kawangware, lakini nilikuwa nimezoea mlango kufungwa na miezi mingine ikapita hivyo hivyo, nikisikia mtu anapiga mluzi nje nafunika mtoto.

Bi Mildred, mtoto wangu alizaliwa mrembo, watu walikuwa wanasimama njiani kumtazama. Sasa ana mwaka na zaidi na hasimami. Ukimshika kwapani umsimamishe, miguu inajipinda nje kama upinde, paji la uso limetokeza, vifundo vya mikono vimevimba, jino hata moja halijatoka, na akilala kichwa kinatoa jasho mpaka mto unalowa. Bwanangu alipoiona hiyo miguu akasema, "Kwetu hatuna watu wa miguu hivi. Hii imetoka kwenu Ukambani." Nikamuuliza kama kwao ndiko wanakofungia bibi kwa kufuli. Mama mkwe naye akapiga simu kusema ni mimi niliyembeba mgongoni kabla ya wakati.

Mwezi wa saba nikampeleka kliniki. Nesi hakuzungukazunguka, alisema hayo ni matege na mtoto amekosa vitamini D, ile ambayo mwili hujitengenezea ngozi ikipigwa na jua, na ikikosekana mifupa inabaki laini hata mtoto akila namna gani. Akanipa chupa ya matone, akasema mtoto aote jua kila siku na nirudi baada ya mwezi. Chupa iliisha. Sikurudi, kwa sababu siku ile kwenye foleni wamama walikuwa wanamwangalia miguu, nikigeuka wanajifanya wanaangalia ukuta.

Sasa hilo jua ndilo limenileta kwako. Ploti yetu ina vyumba kumi upande huu na kumi upande ule, na mwenye ploti ameongeza ghorofa ya mabati juu, kwa hivyo katikati hapaoni jua isipokuwa mahali pamoja tu karibu na mfereji tunakoteka maji, chini ya kamba za nguo, kutoka saa nne mpaka saa sita. Hapo mahali Mumbi amepafanya shamba la baba yake. Mumbi huyu ni jirani anayefulia watu nguo, na saa nne ikifika ameshaanika mashuka na mablanketi kwenye kamba zote tatu, pale chini panakuwa kivuli kama ndani ya nyumba. Nilimwambia kwa upole apunguze. Akanijibu, "Hata mimi hii jua ndio hunilisha." Kwa miezi miwili nimekuwa nikijibana pembeni na kigoda changu, mtoto mapajani, nimemvalisha vizuri, kofia ya sufu, soksi, suruali mbili na ile shali yangu nzito, asipigwe na baridi ya pale mferejini, asiungue akawa mweusi, na macho ya watu yasimfikie.

Alhamisi iliyopita Mumbi akapita na beseni, akasimama mbele yangu, wanawake wanne wakisikia, akasema, "Si umtoe hizo manguo zote, mama? Huyo mtoi unamchemsha. Mtoe tuone miguu."

Tuone miguu! Bi Mildred, sikumbuki nilivyoinuka. Nilimweka mtoto kwenye kigoda, nikachukua kisu cha kukatia mboga ya sukuma, nikakata kamba zote tatu, na mashuka sita ya watu yakaanguka kwenye matope. Mumbi alipiga kelele mpaka watu wakatoka barabarani kuja kuona. Akasema, "Nyinyi ndio mlituchomea nyumba huko Kibera, na sasa mmenifuata mpaka huku!" Kumbe huko Kibera mimi ni msaliti kwa sababu ya kwetu, na huku mimi ni mchomaji kwa sababu ya bwanangu. Ndungu, msimamizi wa ploti, amenipa mpaka mwisho wa mwezi nitoke, labda Mumbi mwenyewe aseme amenisamehe, na mimi siwezi kumpigia magoti mtu aliyetaka kuchekesha watu kwa miguu ya mtoto wangu. Wanzala anasema tuhame. Tuhamie wapi? Kila chumba tunachoweza ni giza. Na kinachoniuma kuliko yote ni kwamba miezi miwili nimemkalisha juani bila kukosa hata siku moja na miguu inazidi. Je, nesi alinidanganya? Nifanye nini mtoto wangu atembee?

Kathini, Kabiro.

JIBU

Kathini, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nililia. Mara ya pili nilitafuta kiatu cha kukurushia.

Nianze na machozi, maana unayastahili. Hakuna mama anayepaswa kumziba mtoto mdomo kwa titi miezi miwili gizani kwa sababu watu wazima wameshindwa kukubaliana juu ya kura. Nina hasira na waliowasha moto ule, na nina hasira na waliokuita msaliti huku wakikujua kwa jina. Nesi hakukudanganya hata kidogo. Mtoto aliyefungiwa asione jua, ananyonya kwa mama ambaye naye halioni, atapata wapi vitamini D? Haikutoka Ukambani na haikutoka kwa kina Wanzala, wala mgongo wako hauna kosa. Mwambie bwanako hivi, na umwambie kwa sauti ya chini: kufuli lile liliokoa maisha yenu, na kufuli hilo hilo ndilo lililopinda miguu ya mtoto. Asitafute ukoo wa kulaumu.

Sasa kiatu. Kofia ya sufu, soksi, suruali mbili na shali nzito! Kathini, aliyeota jua miezi miwili ni shali. Hiyo shali sasa ina mifupa mizuri kuliko mtu yeyote hapo Kabiro. Mwanao ameota jasho. Jua halina mikono ya kufungua vifungo, ni lazima liguse ngozi yenyewe, miguu wazi, mikono wazi, mgongo wazi, nusu saa hivi kila siku, na sisi wenye ngozi nyeusi tunalihitaji zaidi wala si kidogo. Unaogopa atakuwa mweusi? Na akiwa mweusi? Urembo wa mtoto uko kwenye mguu ulionyooka, kwenye meno, kwenye mgongo unaosimama. Weupe wa mtoto asiyeweza kusimama utaupeleka wapi?

Na sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo utanikasirikia. Ukimtoa nesi, katika barua yako yote ni mtu mmoja tu aliyekuambia neno la maana, na wewe ulimjibu kwa kisu. "Mtoe manguo, unamchemsha." Ndiyo dawa yenyewe hiyo, ilitolewa bure mbele ya mfereji. Je, Mumbi alikuwa anakucheka? Sijui, sikuwepo. Labda alikuwa anacheka. Labda amewahi kulea mwenye matege. Dawa ni dawa hata aliyeitoa akiwa na mdomo mchafu. Alisema mlimchomea, maana yake huyo mama alichomewa. Alikosea mtu, kama wewe ulivyokosea mtu. Nyote wawili mmefukuzwa Kibera na watu wale wale, mmekuja kukutana kwenye kipande cha jua kisichotosha kutandika mkeka, na badala ya kumuuliza mwenye ploti ni nani alimpa ruhusa ya kufunika mbingu kwa mabati, mnakatana kamba. Yeye anakula kodi ya vyumba ishirini na analala vizuri sana.

Umeniuliza ufanye nini. Kliniki unarudi kesho, si wiki ijayo. Uliacha matone kwa sababu ya macho ya wamama kwenye foleni, na hilo limeniudhi kuliko kisu. Mficha uchi hazai, Kathini, na wewe umeshazaa, sasa unamficha nani? Mwambie nesi ukweli wote, shali na yote, na utumie dawa kama atakavyokupimia, usiongeze wala usipunguze. Miguu ya mtoto wa umri huu ikishikwa mapema mara nyingi hunyooka yenyewe kadiri anavyokua, lakini itachukua miezi mingi, kwa hivyo usiipime kila asubuhi kama unga. Ukiendelea kuificha, ipo siku utaambiwa habari ya kisu cha daktari. Mpe yai, mpe maziwa, mpe dagaa wa omena waliosagwa na mifupa yao, maana jua peke yake halijengi mfupa bila chakula. Na wewe pia, uliyekaa gizani naye, kama kiuno na nyonga zinakuuma usiseme ni uchovu, mwambie nesi, na siku hizi ukikaa juani kunja mikono ya nguo yako.

Ukitoka kliniki, nunua kamba mpya. Nenda kwa Mumbi na beseni lako na sabuni yako, umwambie umekuja kufua yale mashuka sita, na uyafue kwa mikono yako mpaka aridhike yeye, hata akikurudishia moja mara tatu. Usimweleze habari za kabila, za Kibera wala za Januari. Sema, "Nilikosea, na mtoto wangu ni mgonjwa, anahitaji hapa mahali nusu saa." Umwombe kamba moja kati ya tatu ibaki wazi kutoka saa nne mpaka saa nne na nusu, zingine aanike kama kawaida yake. Ni mama anayefanya kazi, na jua ni lake pia. Akikukatalia, utakuwa umefua mashuka ya watu uliyoyachafua, na hilo lilikuwa deni lako. Nadhani hatakukatalia. Ndungu naye ataona hakuna vita ya kuamua, na hizo siku za mwisho wa mwezi atazisahau.

Bwanako ni seremala, mwache atengeneze kitu cha maana: meza fupi ya mtoto kujishikilia akianza kusimama. Ataona aibu ya maneno aliyosema, na aibu hiyo itamfaa.

Shali iuze, au ufunikie mtungi wa maji. Na siku ile unayofua, tandika mkeka pale mferejini, umlaze Wekulo akiwa na nepi tu, miguu wazi, wanawake wanne wakiona, na Mumbi akiona. Utatamani kumfunika. Usimfunike. Na Mumbi akisema tena aone miguu, mwonyeshe.