Ndege wa Bonde la Pampu

Bandera, Texas, 4 Machi

Kaka Eliseo,

Hujambo huko Austin? Sisi wazima, isipokuwa goti la Babu, na mdomo wake ambao hauna dawa.

Ndege wa mashavu ya njano wamerudi. Jana nilimsomea Babu gazeti la Kiingereza, nikimfasiria kwa Kihispania: wajenzi wa nyumba wamefungua kesi mahakamani ili ndege huyu asilindwe tena na sheria. Babu akasema, "Akiondolewa ulinzi, kilima chetu kinakuwa mtaa."

Nusu ya kilima Baba alikuachia wewe. Ana kwa ana nisingethubutu kukuuliza: hiyo ofisi yenu ya mawakili inatetea upande gani?

Mdogo wako,
Nereida

Austin, 11 Machi

Nere wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, kazi tu. Ofisini nabeba mafaili, mambo ya pande waachie wakubwa. Ila niambie, viota mwaka huu viko wapi hasa? Nimekumbuka utoto tu. Babu asijue, atapiga kelele.

Kaka yako,
Eliseo

Bandera, 17 Machi

Kaka,

Natumaini u mzima. Umeuliza, nakujibu: viko Bonde la Pampu, nyuma ya tangi. Vingi mno. Babu sijamwambia.

Mbona hukuulizia goti lake?

Mdogo wako,
Nereida

Bandera, 29 Machi

Eliseo,

Salamu. Hukuandika, lakini jibu limefika. Jana walikuja wanaume wawili na misumeno ya injini. Kilima kizima walikipita bila kugeuza shingo, wakashuka moja kwa moja Bonde la Pampu. Babu akawafuata akichechemea. "Mabwana, mmepotea?"

"Tulia, mzee. Mwenye nusu yake katutuma tufyeke."

Wakaangusha kila mwerezi.

Naungama: nilikudanganya. Pale hakuna kiota hata kimoja. Ndege huyu hujenga kwa gome la mwerezi mzee, lile linalobanduka kama utepe. Mierezi mizee ya bondeni mliikata wewe na Babu, mkatengeneza nguzo za ua. Iliyoota baadaye ni michanga, gome limeng'ang'ania. Nilikuwa naomba uandike, "Nere, mjinga wewe, ndege gani pale?" Nilimsubiri tarishi kila siku.

Babu nimemweleza yote. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Kesho wanakuja watu wa kuhesabu ndege kwa ajili ya kesi. Nitawaongoza mimi, na sauti yangu hii nyembamba kama ya mbu, mpaka kwenye viota vyenyewe.

Usiulize viko wapi.

Mjukuu wa Babu,
Nereida