Chupa Zilizoandikwa Utando

Maabara ya Vijidudu,
Chumba Na. 6,
Jumanne, 14 Mei.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

U hali gani huko ughaibuni? Kifua kimepona, au bado unakohoa na kujidai mzima? Sisi huku wazima wa mwili. Mama hajambo, ila goti. Shemeji yako amenenepa, usimwambie nimesema.

Uliniuliza ninatazama nini miaka yote hii. Ni kidudu wa seli moja, asiyeonekana kwa macho matupu. Chini ya ngozi yake pana vifuko vya ute. Akichokozwa, vifuko hufunguka na kumwaga ute nje, na utando uliokifunika kila kifuko hubaki umeungana na ngozi. Mambo yangeishia hapo, ngozi ingempwaya kama shati la kuazima. Lakini yeye hatupi kitu: huuvuta utando ule ndani, kipande kwa kipande, akautumia tena kwa vifuko vipya.

Mimi nilikuwa na ukoo wa vidudu wasioweza kuurudisha. Kwa kuwalinganisha na wazima ningejua ni nini hasa kinachouvuta. Miaka kumi na moja, Kitinda. Ilibaki miezi miwili.

Wiki iliyopita tulitangaziwa wakaguzi. Mkuu wetu akamwambia mzee wa usafi, "Nikirudi nisione utando hata mmoja humu." Alimaanisha wa buibui. Mzee akafagia dari, akapangusa pembe, kisha akakuta rafuni chupa saba za ukoo wangu ule, zimeandikwa UTANDO. Akazimwaga zote kwenye sinki, akazisuuza kwa dawa.

Alikuja mwenyewe kuniambia, tena kwa fahari. "Na zile za utando nimezimaliza, mama. Zilikuwa zinanuka."

Nilishindwa hata kumfokea. Mwandiko ni wangu. Ningeandika lile jina refu la kitaalamu kama wenzangu, asingezigusa. Mimi nikajitia kupenda Kiswahili. Akiba ya ukoo huo tuliyoigandisha iliharibika umeme ulipokatika mwaka juzi, nikasema nitagandisha nyingine, nikawa nasema hivyo hivyo.

Mkuu amenipa pole, na chumba amewapa wenzetu wanaochunguza udongo. Sina pa kuanzia. Nimelia chooni mpaka nikachoka. Sasa nakaa tu, natazama wale wazima wakimwaga na kurudisha, na wananikera.

Msalimie mkeo, na mapacha uwabusu mashavuni. Mungu awakinge na baridi ya huko.

Mama bado anawatangazia majirani kwamba mwaka huu namaliza. Usimwambie lolote. Kila akipiga simu huuliza kama vidudu hawajambo, nami humjibu wanakula vizuri.

Ni mimi akupendaye,
Dada Mkubwa